Pua Yangu na Lami ya Uchochoro Wetu

Alhamisi, 1 Februari

Naanza daftari. Kanipa mjukuu wangu Nighat, lilibaki nusu alipomaliza shule. Kasema, Dadi, haya yote unayotaka kutusema, yaandike humu, utupumzishe masikio. Mtoto mwenye adabu. Anaolewa Jumapili ya tarehe 18, na mimi ndiye bibi yake. Yule mwingine wa upande wa mama simhesabu.

Nimesoma miaka miwili. Inanitosha. Kazi ya nyumba yetu ni kuvunja kompyuta mbovu. Mwanangu Mushtaq anafungua, mkewe Shagufta anakwangua, mimi nachambua maganda ya plastiki. Nachoma ncha kwa kibiriti, nanusa, natupa kwenye gunia lake. Miaka ishirini na miwili! Mji wetu mzima wa Moradabad hakuna pua kama hii.

Januari yote nilikuwa na mafua. Yamekwisha.

Adesi za leo hazikuwa na harufu hata kidogo. Nimemwambia Shagufta. Kaapa katia punje kumi za kitunguu saumu. Muongo huyo.

Jumamosi, 3 Februari

Habari kubwa! Kaja injinia, msichana wa kofia ya njano, Pallavi Rastogi. Anasaga maganda ya kompyuta, anayachanganya na lami ya moto, anatandaza barabarani. Kasema lami hiyo inashika kuliko lami tupu, tena maganda hayaendi kuutia uchafu mto. Nikamwambia mngeniuliza zamani, ningewaambia. Sikuwa najua, lakini ningewaambia.

Mwezi huu ana lami ya uchochoro mmoja. Wetu, au ule wa nyuma wa jirani Zaibun. Wa pili utangoja mpaka mvua ziishe. Kila upande ulete magunia sita. Maganda magumu ya kompyuta, basi. Ganda la waya likipata moto linatoa moshi mbaya, hataki kuliona. Atatandaza kipande cha hatua kumi kwetu na kingine kwao. Kitakachoshika vizuri, uchochoro wake ndio utakaopata barabara.

Sasa sikiliza, daftari. Nyumba yetu iko katikati. Mlango wa mbele, ule wa njumu za shaba alioupiga marehemu mume wangu, unatazama uchochoro wetu. Matope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Farasi atakayemleta bwana harusi hapiti. Mlango wa nyuma unatazama kwa Zaibun, na huo ni mlango wa mbuzi. Bwana harusi aingilie mlango wa mbuzi? Kwa mjukuu wa Khurshidan? Nife kwanza!

Zaibun anachambua kwa maji ya chumvi. Anamwaga maganda kwenye beseni, yanayoelea anayaweka huku, yanayozama, eti ndiyo ya waya, kule. Hiyo ni kazi au ni kuogesha watoto?

Jumanne, 6 Februari

Magunia sita tayari. Siku tatu kwa pua tupu. Ganda moja moja nimechoma, nimenusa, nimetupa. Shagufta kapita mara mbili, mara mbili kakohoa, kafungua dirisha. Kaniuliza, Ammi, hili si ganda la waya? Nikamuuliza aliingia lini kwenye kazi hii. Karudi kukwangua.

Plastiki ya siku hizi lakini imepoa sana. Zamani ilikuwa inakupiga puani. Nadhani wanapunguza kiwandani.

Jumatano, 7 Februari

Injinia kachota konzi moja kwenye gunia langu, kaitia kwenye kikaango cha kujaribia. Moshi ukapanda, mweupe. Mafundi wakakimbia. Muuza chai akaacha birika, akakimbia. Mushtaq, mwanangu wa kumzaa, akaruka mtaro. Nimesimama peke yangu. Nikawauliza mnakimbia nini, kuna nyuki? Machozi yalikuwa yananitoka, lakini hayo ni ya furaha ya harusi.

Injinia kaja kanivuta mkono. Kasema, Mama, husikii hiyo harufu? Nikamwambia naisikia vizuri, ni harufu ya kazi safi.  Halafu kasema kwa upole gunia hili nusu ni maganda ya waya, nendeni mkachambue upya, mlete Ijumaa.

Zaibun, yeye konzi yake haikutoa moshi. Alikuwa amesimama na kanga yake puani, jicho linacheka. Kasema, Khurshidan dada, labda pua imekwenda hija bila wewe.

Sikumjibu. Nimemjibu njia nzima mpaka nyumbani.

Alhamisi, 8 Februari

Shagufta kaja na kilo tano za chumvi. Kasema, Ammi, tujaribu maji, mara hii tu, kwa ajili ya Nighat. Nikamuuliza, mumeo alilelewa na chumvi au na pua hii? Kaenda jikoni, kapiga vyungu.

Halafu ghafla kawa mtamu. Kanituma bazaar na Nighat, tukatazame bangili za harusi, eti bila jicho langu watamuuzia vioo vibovu. Kweli kabisa. Tumetazama tangu asubuhi mpaka alasiri. Muuzaji karibu alie.

Tumerudi, ua wote umelowa. Shagufta kasema kaosha sakafu. Juu darini katandaza vitu kwenye jua, kavifunika shuka. Kasema ni mchele wa harusi. Naona harusi imemfundisha usafi, mikono yake imepauka kama kaosha mji mzima.

Jioni nilitaka kuchambua yale magunia upya. Nikayakuta yamefungwa, yako mlangoni. Kasema kayafunga yeye, kaniona nimechoka. Sawa. Yalikuwa hayana kasoro tangu mwanzo.

Ijumaa, 9 Februari

Magunia yote yamepelekwa kiwanjani, pale lilipo pipa la lami. Yetu yamefungwa kitambaa cha kijani, ya Zaibun chekundu. Yake yanachuruzika maji. Yaani mpaka njiani anayaogesha! Kasema kachelewa, atayaanika kesho.

Nimekaa nikafikiri. Pua yangu naiamini. Lakini yule injinia haielewi, na bwana harusi hawezi kungoja injinia aelewe. Konzi ya Zaibun haikutoa moshi. Basi magunia ya Zaibun ndiyo yanayotakiwa na wajinga.

Adhuhuri wanaume wote msikitini. Muuza chai msikitini. Zaibun jikoni kwake. Nikachukua fimbo yangu, nikaenda kiwanjani kama mtu anayetafuta mbuzi. Vya kijani nikafungua, vyekundu nikafungua. Nikavifunga upya, kila kimoja pasipo pake. Magunia sita na sita! Mgongo umelia, roho imecheka.

Nimerudi nikala sahani mbili za biriani. Haina harufu. Leo sikumgombeza Shagufta, nina furaha.

Jumamosi, 10 Februari

Zaibun kaja kuanika. Kafungua magunia yenye kitambaa chekundu, yaani yangu. Kaingiza mkono. Kautoa. Kauingiza tena mpaka kwenye kiwiko. Kayatazama magunia ya kijani, kanitazama mimi. Halafu kacheka peke yake, kafunga, kaenda zake.

Hakuanika hata ganda moja! Mwanamke amezeeka, akili imemwacha. Jumatatu atajuta.

Jumatatu, 12 Februari

Nimevaa shali ya sikukuu. Mtaa mzima umejaa. Injinia kaanza na kitambaa chekundu. Nikawaambia wanawake waliokuwa karibu warudi nyuma, wafunike pua, kuna moshi unakuja. Wakarudi wote. Maganda yakasagwa, yakaingia kwenye pipa, yakayeyuka kama samli. Moshi hakuna! Wakatandaza upande wa Zaibun hatua kumi, nyeusi, inang'aa, tambarare kama sinia.

Sikuelewa. Nikasema labda moshi umechelewa.

Ikafika zamu ya kijani. Konzi ya juu ikajaribiwa, ikawa nzuri. Nikawatikisia watu kichwa kwa fahari. Wakasaga gunia zima, wakamimina. Yallah! Lami ikatoa povu kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Ikapanda, ikamwagika, ikazima moto, ikala kiatu cha fundi mmoja. Mguu wake ulishatoka, ahsante Mungu. Injinia akapiga kelele, nani kaleta plastiki mbichi yenye maji? Juu imekauka, chini inaogelea! Maji kwenye lami ya moto, jamani, mnataka kuua watu?

Watu wote wakanitazama mimi. Nikamtazama Zaibun. Zaibun akatazama mbinguni.

Barabara imekwenda kwao. Inakwisha Alhamisi.

Jumanne, 13 Februari

Shagufta kalia tangu asubuhi. Mwishowe katapika yote. Alhamisi ile, tulipokuwa kwenye bangili, kachambua magunia yetu yote sita kwa maji ya chumvi. Katoa maganda ya waya, kayatandaza mazuri darini, kayakausha, karudisha. Ati, Ammi, yalikuwa makavu kabisa, naapa kwa kichwa cha Nighat, sijui maji yametoka wapi.

Mimi najua yametoka wapi. Sikumwambia.

Lakini nimemkaripia, tena sana! Nani kamtuma? Angeyaacha magunia kama pua yangu ilivyoyaacha, leo Zaibun angepata moshi wake, mtaa wote ungekimbia, injinia angemfukuza. Mpango wangu ulikuwa mzima. Ulioharibu ni usafi wake. Nikamwambia kosa ni lake mia kwa mia. Nighat akauliza, Dadi, kwa nini Zaibun apate moshi kwenye magunia yetu? Nikamwambia bi harusi haulizi maswali.

Jumapili, 18 Februari

Kaolewa. Alhamdulillahi.

Ngoma zimekuja kwa uchochoro wa Zaibun. Farasi hakuteleza, magurudumu ya gari la wapiga tarumbeta hayakuzama. Zaibun kaweka kiti chake mlangoni, kamwaga maji ya waridi juu ya lami, anapokea wageni wangu. Karibuni, karibuni kwetu. Kwetu!

Bwana harusi kashuka mbele ya mlango wa mbuzi. Mrefu, kainama. Mbuzi mkubwa kapata shada la maua linalomfunika bwana harusi uso, kala upande wote wa kushoto kabla Mushtaq hajamshika pembe. Wageni wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bwana harusi naye kacheka. Nighat kamwona uso kabla ya wakati wake, kafurahi zaidi ya inavyofaa.

Zaibun kanikumbatia mbele ya watu. Kaniambia sikioni, ahsante dada, pua yako imetujengea barabara. Ananukia marashi, wanasema. Mimi sikusikia kitu. Atakuwa kajipaka maji.

Jumanne, 20 Februari

Injinia kapita kututembelea. Kasema uchochoro wetu ni wa kwanza mvua zikiisha, na magunia yaje makavu. Kampa Shagufta mkono wa pongezi, sijui wa nini. Shagufta kanunua beseni kubwa, kaliweka uani, kalijaza maji. Nimewapa mbuzi wanywe. Wamekataa, yana chumvi. Basi nimetia maembe mabichi, tutapata achari.

Mbuzi nimewahamishia mlango wa mbele. Ule wa nyuma nimeagiza fundi aupige shaba. Tangu mwanzo nilitaka mlango mkubwa uwe upande wa barabara, hawa hawanisikilizi.

Halafu nikakaa kwenye kigoda changu, nikawasha kibiriti. Ganda la kwanza, nikanusa. Kompyuta, safi kabisa. La pili, kompyuta. La tatu, kompyuta. Pua yangu haina neno.

Shagufta katoka mbio anakohoa. Mushtaq kamfuata. Mbuzi nao wametoka, kamba wamekata. Nyumba yote imebaki kimya, nachambua peke yangu, hakuna wa kunihangaisha. Mwishowe wamejifunza kuheshimu kazi.