Wiki Nne za Likizo kwa Sheria ya Ubelgiji

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nina pointi tano! Kiwandani kwetu Tonawanda, huku Marekani, pembeni mwa Buffalo, ukikosa kazi bila ruhusa unaandikiwa pointi, na ya sita unafukuzwa. Na Jumamosi ndiyo posa ya mdogo wangu Revokatus kule Columbus. Mimi ndiye msemaji wa ukoo! Bosi kakataa. Jumamosi ni kazi ya lazima. Mke wangu Kostansia naye kanisihi nibaki: Novemba anapasuliwa goti, na bima yake inatoka kwenye kazi yangu. Kasema Karekezi, ndugu yetu ninayefanya naye kazi kiwandani, aseme badala yangu. Karekezi! Mtu anayesalimia wakwe kama anasoma bili ya umeme! Afadhali nife.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimewapata! Binamu yangu Zita, yuko Ubelgiji, kanitumia kijitabu cha chama cha wafanyakazi. Mfanyakazi wa Ulaya ana wiki nne za likizo kila mwaka, analipwa, na ni sheria! Akiugua likizoni, siku zake anarudishiwa. Kijitabu ni cha Kifaransa, kanisomea Généreuse, Mkongo wa mashine ya pili. Kasema bon, papa, hiyo ni ya kule, donc huku haina kazi. Nikamuuliza babu yake bosi wetu alitoka wapi. Poland! Bosi mwenyewe hujisifia kila Pasaka. Na Poland iko bara gani? Akarudi kwenye mashine yake. Nilijua nitamshinda.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepeleka barua ya kudai wiki zangu nne. Mama wa ofisini kaisoma mara mbili, kaniuliza kama naumwa. Kisha katoa fomu. Kumbe kila mfanyakazi ana siku moja ya dharura kwa mwaka, haina pointi, nitie sahihi tu kabla ya kesho saa sita mchana. Siku moja badala ya wiki nne! Mtego huo, hata mtoto angeuona. Nimeiacha fomu mezani, nikatoka kichwa juu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Karekezi katia sahihi! Fomu ileile! Anaondoka leo jioni, na koti jipya kanunua. Sijala kitu. Kostansia kanishika mkono, kanikumbusha goti, kaniomba kwa jina la marehemu mama yangu. Nimemwahidi sitakwenda. Nimeahidi kwa dhati kabisa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwenda. Mwendo wa saa tano kutoka Buffalo, simu ya bosi inalia mfukoni hadi betri ikaisha. Nafika Whitehall, pembeni mwa Columbus, Karekezi yuko katikati ya ukumbi, wakwe wanapiga makofi, bibi yake binti anayeposwa, aliyekuja kutoka Louisville, analia kwa furaha. Binti katolewa! Mimi nikaambiwa nisaidie kubeba kreti za soda. Nimebeba. Karekezi kakosea salamu mara mbili, hakuna aliyeona ila mimi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Pointi ya sita. Kadi yangu haikufungua geti. Nyumbani sikusema kitu, lakini Kostansia kaniangalia tu, kajua. Hakugomba. Kafunga goti bandeji, kapanda basi mbili hadi kiwandani, kamlilia mama wa ofisini. Karudi na karatasi: narudishwa kazini, nafasi ya mwisho, nitie sahihi, niipige picha, niitume kabla ya kesho saa sita mchana. Nilimsikia akipanda ngazi, anapumzika kila baada ya tatu. Nimeona aibu. Nilitaka kulia.

Jumanne, 14 Oktoba

Saa tano na nusu. Nimeisoma karatasi kwa makini. Hakuna neno hata moja kuhusu likizo! Na Zita alishasema mfanyakazi asitie sahihi kitu kabla chama hakijakisoma. Nimemtumia. Hajajibu, yuko kazini.

Saa sita kasoro dakika tano. Kostansia kanitilia kalamu mkononi, kisha kanipigia magoti, na lile bovu. Moyo uliniuma kweli. Nimemwinua, nimemkalisha, nimemfuta machozi. Nimemweleza kwamba haya yote nayafanya kwa ajili yake.

Saa sita na dakika mbili. Karatasi iko mezani bila sahihi, na ofisi haijapiga simu. Sasa ndiyo wameanza kuogopa.