Atuu ya Mama

Jumamosi, 8 Machi
Mdogo wangu Ofosu karudi kutoka Accra. Mama kaacha sufuria inafurika, kamkimbilia mlangoni mikono wazi: "Atuu! Atuu!" Kifua kwa kifua, bega hili, bega lile, utadhani kafufuka. Aliondoka juzi tu! Mimi ninayemtwangia Mama mihogo ya fufu mwaka mzima nikaambiwa nisogee, nawazibia njia. Wivu unanila, sifichi. Nikamwomba Mama na mimi anipe atuu. Kasema atuu ni ya mtu aliyetoka safari, mimi natoka wapi, chooni? Ofosu kacheka mpaka kapaliwa na supu ya njugu. Vizuri!

Jumapili, 9 Machi
Dawa ya moto ni moto. Nasafiri! Nimemwambia Mama nimepata kibarua cha mbao mji wa Nkawkaw. Kasema haya, nirudishie mlango, mbuzi wasiingie. Hata chozi! Nkawkaw yenyewe siendi, ya nini? Nimejificha kwa rafiki yangu Duku, nyuma ya soko.

Jumanne, 11 Machi
Duku anakoroma. Mkewe ananipa kenkey, donge la mahindi, kavu na maneno makavu zaidi. Navumilia. Leo nimefanya mazoezi ya kukumbatiwa mbele ya kioo. Duku kaniuliza kama nina homa. Nimenunua mkate wa kutoka safari na kujipaka vumbi kwenye suruali. Kesho narudi!

Jumatano, 12 Machi
Nimefika mlangoni na begi, nikakohoa. Nikakohoa tena. Katoka Ofosu na mchi mkononi, jasho linamtiririka. Kasema Mama hayupo, kaenda Nkawkaw kunipelekea supu. Eti tangu niondoke Mama hali chakula vizuri, na kila akipakua ananipakulia na mimi.

Mama karudi jioni, viatu mkononi. Kazunguka viwanda vyote vya mbao, hakuna anayenijua. Mimi bado natunga uongo, Ofosu keshamrukia: "Atuu, Mama, atuu!" Kakumbatiwa tena! Tena yeye! Nikasema mimi na Mama tulipishana njiani. Kaniambia Ofosu amechoka, nichukue mchi.

Alhamisi, 13 Machi
Sikupata usingizi. Lakini kosa langu nimeliona. Nkawkaw ni karibu mno, Mama anafika. Jumatatu nasafiri kwenda Tamale, kaskazini kabisa. Nimeshamwambia Duku anitandikie chumba cha nyuma.