Mvuje wa Kukumbukwa

Jumamosi, 11 Januari

Nana, bibi yetu, kaanguka bafuni kwake Mombasa. Nyonga imevunjika. Mama anakwenda kumuuguza na anamchukua Najla. Mimi nabaki huku ughaibuni, Al Qusais, na Baba, nimalize shule. Nikauliza ni kwa muda gani. Mama akasema hadi Nana asimame. Baba akasema labda mwaka, labda zaidi, inshallah. Safari Alhamisi.

Nikasema sawa. Kisha nikaingia chooni, nikafungulia maji, nikakaa.

Najla ni mdogo wangu, ana miaka miwili. Juzi juzi mwalimu wa biolojia alitufundisha ubongo wa mtoto. Miaka ya mwanzo, alisema, unajenga njia kwa kasi ambayo hauipati tena maishani. Njia inayopitwa kila siku inakuwa barabara. Isiyopitwa inakatwa. Akaongeza kwamba hakuna yeyote kati yetu anayekumbuka alipokuwa na miaka miwili. Darasa likacheka. Hata mimi nilicheka.

Sasa sicheki. Njia itakayokatwa ni mimi.

Nimeamua. Najla hapandi ndege kabla sijakaa kichwani mwake kama msumari ukutani.

Jumapili, 12 Januari

Mpango wa kwanza: kurudia rudia. Nimemwonyesha picha yangu ya pasipoti, nikasema Shakir, Shakir, Shakir. Kaila kona ya picha.

Akaja Junaid wa ghorofa ya nne na mdogo wake Hilwa, ambaye ni rika la Najla. Kwao asili ni Unguja, na Junaid huongea kama anatangaza msiba. Akamwambia Hilwa ahesabu. Hilwa akahesabu hadi kumi kwa Kiarabu, akarudi kwa Kiswahili. Junaid akauliza, na wetu je, anajua nini?

Nikasema anajua mengi, hapendi tu kujionyesha. Hapo hapo Najla akasema “khalas,” yaani basi, akamwagia kandambili ya Junaid juisi.

“Huyu kakufata weye, bwana,” Junaid akasema. “Maneno hamna, vituko tu.”

Jibu zuri sana lilinijia nikiwa naoga.

Jumatatu, 13 Januari

Mpango wa pili: kumfundisha usingizini. Nilijirekodi kwenye simu nikisema jina langu, kwamba mimi ni kaka yake, na rangi zote ninazozijua kwa Kiswahili na Kiingereza. Sauti yangu ni ya mtu anayeomba radhi kwa kukanyaga kanzu ya imamu. Nikaiweka simu chini ya mto wake.

Najla akaamka. Akatazama mto. Akanitazama mimi, mdomo wangu umefungwa. Akatazama mto tena. Kilio chake nadhani kilifika uwanja wa ndege. Mama akauliza nani kaweka shetani kitandani mwa mtoto.

Nimesoma mtandaoni kwamba harufu hukaa kwenye kumbukumbu kuliko hata sauti. Kwa nini sikuanza na hilo?

Jumanne, 14 Januari

Baada ya shule nilipanda metro hadi Al Ras, kwenye duka la viungo anakofanya kazi Baba. Bahati nzuri Baba alikuwa ameenda kuswali. Nikamuuliza Wahid, Mmalindi anayefunga magunia, ni kitu gani humu dukani ambacho mtu akikinusa hasahau.

Hakufikiri hata. “Mvuje, mdogo wangu. Ukijipaka leo, wajukuu wako watausikia.”

Nikajipaka utomvu huo wenye harufu kali shingoni, viganjani, na kwenye kola. Kwenye metro watu walinipisha. Nikapata kiti, na kiti cha pembeni, na cha mbele. Kwa mtu mwenye haya ni raha, hadi unapogundua kwamba behewa zima linakutazama.

Nyumbani Najla alinikimbilia kama kawaida. Akasimama mlangoni. Akapiga chafya. Akageuka.

Mama alininusa, akakaa chini polepole. Akaniuliza nimeona nini. Nikasema sijaona kitu. Akasema mtu hajipaki mvuje bure, nimweleze tu, hatanigombeza. Kisha akampigia Nana, na Nana, nyonga yake imevunjika, akanisomea dua kwa simu, sauti imefunguliwa, huku Junaid amesimama mlangoni kuja kuazima chaja.

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo kila mtu wa pwani analijua. Kwetu watoto wachanga hufungwa mvuje mkononi, mashetani wasiwakaribie. Mtaa mzima wa Nana una harufu hiyo. Nimejitia harufu ya kila mtoto wa Mombasa.

Jumatano, 15 Januari

Nimeoga kwa ndimu na kwa siki. Najla bado haji. Jioni ya mwisho nimekaa upande wangu wa meza, yeye upande wake, ananichungulia kupitia glasi ya maji.

Nilipomsogelea akalia. Baba akasema nimwache mtoto. Nikamwambia kuna suala la ubongo. Akasema, “Ubongo gani? Mtoto ana usingizi.”

Amelala begani kwa Mama, uso upande wa pili.

Alhamisi, 16 Januari

Uwanja wa ndege. Mama alininyoosha kola, akaniambia nile, nisijifungie chumbani, nimsalimie mtu hata mmoja kwa siku. Najla alikuwa amelala. Nikaomba nimwamshe, aseme jina langu mara moja tu. Mama akakataa.

Soksi yake moja ilikuwa inamvuka. Nikaipandisha. Basi.

Njiani kurudi, Baba hakufungua redio.

Jumamosi, 25 Januari

Leo tumepiga simu ya video. Najla akanitazama, akaendelea kutafuna andazi. Nikasema Shakir. Akajitazama yeye mwenyewe kwenye kona ya kioo.

Halafu Mama akanieleza jambo. Kila asubuhi Najla anakwenda kwenye kabati la Nana, anabonyeza kitasa kwa kidole kimoja, na kusubiri. Mlango haufunguki. Ananyoosha mikono abebwe. Mama akimbeba anajinasua, anatazama huku na huku, anaita “Aki.” Mama akauliza, hili kabati kwake ni nini?

Ni lifti. Kila asubuhi nilishuka nimembeba, Mama nyuma yetu, hadi linapokuja basi la shule. Sikufanya kwa wema. Lifti ya asubuhi hujaa majirani nami sijui macho niyaweke wapi, na ukibeba mtoto watu humtazama mtoto. Yeye alikuwa anabonyeza. Tulikuwa tunashuka kimya, kichwa chake shingoni kwangu. Sikumfundisha hata neno moja.

Nikamweleza Mama kwamba mtoto anachanganya kabati na lifti, na hayo ndiyo madhara ya kukatiza masomo. Mama akaniuliza kama nimesikia mtoto anamwita nani. Nikasema nimesikia.

Jana lifti ilifunguka imejaa. Nikashuka kwa ngazi.

Kesho asubuhi naanza naye miji mikuu ya Afrika kwa simu. Inabidi niharakishe, kabla hajanisahau.