Jaji Niliyemnyima Kura na Bata Bukini wa Marehemu Irene

Mheshimiwa Jaji Haskett,

Nakuandikia kwa unyenyekevu kuhusu amri yako kwamba Dolores, bata bukini wangu, aondolewe mjini ifikapo Ijumaa kwa kosa la kumuuma jirani yangu, Bi. Lorna Pelkey, mahali anapokalia. Marehemu mke wangu Irene alimlea Dolores tangu yai, kando ya jiko letu. Sina mwingine nyumbani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilipokuuliza mbele ya watu mamlaka yako yametoka wapi, ulinijibu, "Katiba ya jimbo la Ohio, Mzee Stahl, na wananchi walionichagua. Sasa keti." Nikaketi, maana nina adabu. Lakini mimi sikukuchagua. Nilimpigia kura mpinzani wako, na bango lake bado limesimama kwenye nyasi zangu. Waliokuchagua wahukumu hao hao. Mimi na Dolores tuache.

2. Nikaenda mahakama ya shirikisho, mwendo wa saa mbili, Dolores kiti cha mbele na mkanda amefungwa. Karani akasema, "Babu, sisi mamlaka yetu yanatoka kwenye Katiba ya taifa na sheria za Bunge la Washington. Bata si wetu. Labda angekuwa amevuka mpaka wa jimbo!" Akacheka. Mimi nikaendesha gari hadi Indiana, jimbo la jirani, Dolores akashuka, akala majani ya kule, tukarudi. Karani alipotuona alifunga dirisha. Na majaji wao hawakuchaguliwa na mtu yeyote. Huteuliwa na Rais na kukaa hadi kufa. Penye miti hapana wajenzi.

3. Nimezisoma katiba zote mbili. Ya jimbo ni ndefu mno, na haimtaji bata popote. Lakini zote zinaanza kwa kusema sisi wananchi. Kumbe wananchi wakikaa wakaandika, mahakama inazaliwa! Basi nami nimeandika katiba yangu: "Sisi wananchi wa nyumba ya Stahl." Imepita kwa kura mbili bila kupingwa, Dolores aliinua shingo. Mahakama yetu ilikaa barazani Jumanne, nikiwa jaji wa maisha, na imemwachia huru.

Kwa hiyo naomba, bila ukaidi wowote, ufute amri yako na usimtume mtu na tundu. Naogopa sana hiyo Ijumaa, Mheshimiwa.

Nisalimie mkeo Marcia. Pai yake ya malenge pale kanisani ilikuwa tamu. Msalimie askari wa mahakama Dwayne na goti lake, na majaji wote, wa kura na wa kuteuliwa.

Wako mtiifu, nje ya mamlaka yako,
Orville Stahl

N.B. Nilipokuwa nikitafuta stempu, Lorna amemchukua Dolores na kumfungia bandani kwake. Jana nilimweleza hoja zangu zote pale uani, naye leo ananiambia, "Si umesema mwenyewe, Orville? Mimi sikupiga kura kabisa. Basi hakuna jaji wa kuniambia nimrudishe." Tena nasikia harufu ya vitunguu kutoka jikoni kwake. Mheshimiwa, mahakama yangu haina askari. Mlete Dwayne sasa hivi, na mamlaka yote uliyo nayo. Nakukubali.