Machozi Yenye Uzoefu wa Kikanada

Umma wa Toronto, pamoja na viunga vyake vyote hadi Richmond Hill, unatangaziwa kwamba kuanzia majira haya ya baridi ya mwaka 2011, chozi lolote litakalomwagwa jukwaani na mhamiaji sharti liwe na uzoefu wa Kikanada. Chozi lililozoea nchi za joto halitatambuliwa. Suala la vicheko linaundiwa kamati.

Tangazo hilo lilitungwa na Bwana Sadrudin, Mkurugenzi wa Ofisi ya Uhakiki wa Hisia za Jukwaani, mzaliwa wa Tabora, mkazi wa Mississauga, mtu aliyeamini kwamba jambo lisilo na kamati ni uvumi tu. Alilisoma kwa sauti ndani ya treni ya asubuhi, amesimama wima, na abiria wawili wakahama behewa. Akaona kweli limewagusa.

Ofisi ilikuwa na wataalamu. Ghulamabbas, aliyeng'oa meno ya nusu ya Mombasa kabla ya kufika Kanada na kuambiwa kwamba meno ya huku ni mengine, alipewa dawati la vilio. Joanne, Mgoa wa Nairobi aliyezeekea kwenye ualimu wa jiografia, alipewa vicheko na mishangao. Wote wawili waliandika kwenye maombi ya kazi kwamba Kifaransa wanakijua barabara. Mkurugenzi naye aliandika hivyo hivyo. Kwa kuheshimiana, hakuna aliyewahi kumsemesha mwenzake lugha hiyo. Wakitaka kuteta, walitumia Kiswahili.

Mtu wa kwanza kuhakikiwa alikuwa Ezra Dawood, na faili lake lilimkwama Bwana Sadrudin kooni kama mwiba wa samaki. Mwigizaji wa jukwaani, tena kwa Kiebrania, kutoka Haifa. Aliingia Toronto mwaka 2004 na koti la mvua, akidhani ndilo la baridi. Mchana alibeba magodoro ya duka moja la Unionville. Jioni aliigiza kwenye kaukumbi ka Barabara ya Bathurst, mbele ya akina mama wa Kiisraeli wasiojua kukaa kimya, maana wao huingilia mchezo na kumshauri shujaa aoe nani. Onyesho la kwanza, watazamaji hawakujaza safu mbili, na mwenye nyumba wake alikuwamo kwa sababu tu ukumbi ulikuwa na joto. Miaka saba baadaye watu walikaa ngazini, na shangazi mmoja alikuwa amemtupia mfalme dhalimu kiatu. Kwa mwigizaji, hiyo ni nishani.

"Anadai amefia jukwaani zaidi ya mara mia mbili," Ghulamabbas alisoma.

"Vyeti vya vifo viko wapi?"

"Hakuambatanisha, Sadrubhai."

"Mwandikie alete vitatu. Tusimtese kijana wa watu."

Shida ni kwamba Jumamosi ya wiki hiyo Ezra alikuwa anafungua mchezo mpya, alioutunga mwenyewe, yeye akiwa waziri asiye na haya. Bila cheti cha ofisi, ukumbi ungefungwa kwa mnyororo. Akaandika, "Maneno yote nimeyakariri nikiwa na godoro mgongoni. Nipimeni mtakavyo, ila iwe kabla ya Jumamosi."

Wakampa Alhamisi saa nne. Maelekezo yalikuwa mepesi: avae nguo za mhusika wake, apokee lolote atakalokutana nalo, na asitoke ndani ya uhusika mpaka matokeo yasomwe.

Kwa siku hiyo hiyo Bwana Sadrudin akamwalika Naibu Waziri Warren awe mgeni rasmi. Hakuwahi kuona, si Tabora si Toronto, shughuli yenye maana isiyo na mgeni rasmi, na cheo cha Mkurugenzi Mkuu kilikuwa wazi. Sura ya Naibu Waziri hakuijua. Picha iliyokuwa ukutani ilikuwa ya yule wa kabla ya yule wa kabla yake.

Alhamisi theluji ikaanguka kama imetumwa. Saa nne mlango wa mbele ukafunguka, akaingia mtu mrefu mwenye joho jeusi la manyoya shingoni, utepe mwekundu kifuani na nishani kubwa kama kisahani. Hakusalimia mtu. Alimkabidhi Joanne glavu zake bila kumtazama.

"Ndiye huyo," Bwana Sadrudin alinong'ona. "Ona anavyotudharau. Huyu ni kiongozi kamili."

Alikuwa Ezra, na kichwani mwake mtihani ulikuwa umeshaanza. Wakamkalisha kwenye kiti kikubwa. Mkurugenzi akasoma risala yenye kurasa tisa. Ezra alipiga mwayo mahali penye takwimu, akatazama saa mahali penye shukrani, na Bwana Sadrudin akasikia raha mpaka kwenye magoti. Kisha mgeni rasmi akaombwa neno.

Ezra akasimama, akatoa hotuba ya waziri wake kama ilivyo kwenye mchezo, kwa Kiebrania, kuanzia kiburi hadi majuto. Mwishoni sauti ilimkatika, akalia taratibu kama mtu anayemwaga mchele asiotaka upotee.

"Sadrubhai," Ghulamabbas alinong'ona, "anasemaje?"

"Kwani wewe Kifaransa hujui?"

"Najua sana. Nataka kujua kama umesikia nilichosikia mimi."

"Hicho hicho."

"Ni cha Quebec," Joanne alisema, akifuta macho. "Wale wanatumia sana koo."

Wakapiga makofi. Nyuma yao, kwenye mlango wa uani wa watahiniwa, kulikuwa na mtu mwingine akipiga makofi vilevile, huku akiitikia kwa kichwa kama aliyeelewa kila neno. Alikuwa mfupi, kofia ya sufu imemfunika nyusi, pua inachuruzika, na kila buti lake limeshika kidimbwi chake. Gari lake lilikwama barabara kuu, akapanda basi, kisha akatembea.

"Ezra Dawood," Joanne alimwambia, "umechelewa. Lakini mlango wa watahiniwa angalau umeupata."

"Samahani, mama. Mimi ni Naibu Waziri Warren."

"Ameanza," Ghulamabbas alisema, akachukua kalamu.

"Nasema mimi ni Naibu Waziri."

"Tumesikia, baba. Sema sasa kama mtu anayeamini."

Mtu yule akawa mwekundu. Akaeleza gari, basi, theluji. Joanne alimsikiliza kwa huruma ya mwalimu, kisha akamwambia ahame kwenye hadithi, aingie kwenye hisia.

"Chukulia umewafungia wazee kituo chao cha kuogelea. Waombe radhi."

"Hilo mbona nilishalifanya kweli," Naibu Waziri alisema. "Nilisema hivi: inasikitisha kwamba wapo baadhi ya watu waliojisikia kuumia."

"Hiyo si samahani," Joanne alisema. "Huku Kanada hata mlango ukikugonga unauambia sori. Wewe umekuja lini?"

"Nimezaliwa hapa hapa Kanada, Sudbury!"

"Huo uzaliwa wa Sudbury hauonekani," Ghulamabbas alisema, akiandika. "Lia kidogo basi."

"Silii."

"Basi dawati langu la vilio limefungwa."

Bwana Sadrudin akamgeukia mgeni rasmi kwa unyenyekevu na kumwomba maoni. Ezra alimtazama yule mtu mwenye buti za maji, akamdhania mtahiniwa mwenzake, labda naye kazoea magodoro. Akamwonea huruma, lakini waziri wake hakuwa na huruma.

"Cheo kimempwaya," alisema.

Bwana Sadrudin akasimama, akakohoa, akasoma. "Ezra Dawood. Mhusika: kiongozi wa serikali. Hakushawishi. Uzoefu wa Kikanada: hauonekani. Ameshindwa."

Muhuri ukashuka. Ezra akalisikia jina lake. Jumamosi yake ilikuwa imekufa pale mezani, na hajapigania hata neno moja.

"Matokeo yamesomwa?" aliuliza.

"Yamesomwa, Mheshimiwa."

"Basi naruhusiwa kushuka." Akavua joho, akavua utepe, na chini yake palikuwa na fulana ya duka la magodoro. "Ezra Dawood ni mimi. Nimeangushwa lini, wakati mlinipigia makofi mpaka mkalia?"

Bwana Sadrudin alimtazama huyu, akamtazama yule, akatafuta kamati ya kuikabidhi dakika ile. Hakuna.

"Nafunga ofisi hii leo," Naibu Waziri alisema, na safari hii, ajabu, alishawishi kidogo. "Watu wazima watatu hamwezi kutofautisha waziri na mbeba magodoro? Mtu kawahutubia kwa lugha gani?"

"Kiebrania," Ezra alisema.

"Kiebrania! Na nyinyi mkadhani nini?"

Wakatazama viatu vyao. Joanne peke yake, mwenye mazoea ya kuhesabu vichwa darasani, akainua kidole.

"Mheshimiwa, na wewe ulikuwa mlangoni. Ulipiga makofi, tena ukaitikia kwa kichwa. Ulisikia nini?"

Naibu Waziri akafungua kinywa. Kikabaki hivyo muda mrefu, kama cha mgonjwa wa Ghulamabbas. Kila mtu chumbani akaelewa kwamba hata kwenye maombi ya unaibu waziri kuna mahali pa kujaza Kifaransa.

"Tuelewane," hatimaye alisema kwa sauti ndogo.

Walielewana haraka kuliko jambo lolote katika historia ya ofisi ile. Ezra alipata cheti papo hapo, chenye sifa ya juu ya machozi. Ofisi haikufungwa. Tatizo likawa yule mwenye buti za maji, aliyepimwa akashindwa, kwa sababu Kanuni ya Saba inasema matokeo yaliyogongwa muhuri hayafutwi, na aliyeshindwa atanolewa jukwaani na aliyefaulu. Chini yake pana saini ya Naibu Waziri Warren, kubwa na ya furaha.

Jumamosi ukumbi wa Bathurst ulijaa hadi ngazini. Bwana Sadrudin alipewa kiti cha pembeni, nyuma ya nguzo, na hakuna aliyemwomba risala. Jukwaani waziri wa Ezra alikuwa ameketi, na mbele yake foleni ya raia. Wa mwisho alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, ameshika karatasi.

"Huyo hajawahi kupanga foleni tangu azaliwe," shangazi mmoja alisema kwa sauti.

"Anasimama kama anayesubiri dereva," mwenzake alijibu.

Mtu mfupi akasogea. Akasogea tena. Alipofika mbele ya meza, Ezra aliitazama karatasi yake muda wa kutosha kuonyesha kwamba haisomi, akamrudishia.

"Rudi kesho," alisema kwa Kiebrania, akimwonyesha mlango kwa kidole.

Mtu mfupi akabaki ameishika karatasi. Bila kufundishwa chochote, machozi yakamshuka. Ukumbi mzima ukanyamaza, hata mashangazi. Nyuma ya nguzo Bwana Sadrudin akachukua kalamu kwa mazoea, asijue aandike nini, kwani ilikuwa mara ya kwanza watu kumwamini Naibu Waziri.