Maneno ya Mwisho ya Kiprugut

Mwaka wa hamsini na saba, asubuhi moja, habari ilimfikia Hiram kwenye veranda ya korti ya Nakuru: Kiprugut, mpakiaji wa magunia ya pareto, ameokotwa barabara ya stesheni kichwa kimechanika, na hospitalini wanasema hafiki Jumapili. Wengine walisikitika. Hiram, aliyekuwa mkalimani wa korti hadi alipofumaniwa akiuza tafsiri kwa pande zote mbili, alinunua panga kuukuu sokoni, akapitia kwa mchinja mbuzi, kisha akaelekea kwenye kinu cha Zeddy, tajiri aliyegombana na Kiprugut juzi kilabuni.

"Mzee, nimetoka kwa mgonjwa," alisema kwa upole wa padri. "Amekutaja."

"Mimi sikumgusa."

"Najua, lakini sheria haijui. Shahidi mwingine lazima aape, tena aulizwe maswali mpaka atoke jasho. Anayekufa haapi wala haulizwi. Akishazikwa, neno lake linaingia kortini peke yake, na nani atabishana na kaburi? Bahati yako, aliyesikia ni mimi tu. Ng'ombe wawili wa maziwa, nasahau." Akafungua gunia alilokuja nalo. "Na silaha hii, ongeza mmoja."

Zeddy alilitazama lile panga lenye damu. "Nitajuaje ndilo lenyewe?"

"Nililitoa kwa mkono huu, mtaroni pale stesheni, kabla polisi hawajafika."

"Hebu rudia. Pengine koplo hakusikia vizuri."

Nyuma ya magunia ya unga akainuka Koplo Kipsang, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa amekuja kumhoji Zeddy kuhusu ugomvi ule ule.

Hiram aliapa kwamba ile ni damu ya mbuzi.

"Utamweleza jaji," koplo akasema. "Panga nimelipata kwako, na ulikolitoa umesema mwenyewe. Kiprugut akipona, atatuambia nani alimpiga. Akifa, tutabaki na wewe."

Hiram alilala selo siku mbili, akaachiliwa kwa sharti la kuripoti kila asubuhi. Hapo ndipo alipoanza kumpenda Kiprugut kwa moyo wote. Alimpelekea supu ya kongoro, uji wa wimbi, blanketi, hata viatu vyake vya harusi. Mgonjwa alifumbua macho Ijumaa, ila ulimi, alidai, ulikuwa mzito. Supu ikichelewa, ulilegea kidogo.

"Sista, lete kalamu. Naona naenda. Aliyenipiga ni Hi... Hi..."

"Niko hapa, ndugu yangu," Hiram alisema akikimbia na sufuria. "Leo ni mbavu."

Wiki ya tatu koplo alikuja na daftari. Kiprugut, mashavu yaking'aa, akaketi.

"Hakuna aliyenipiga. Nililewa, nikaanguka kutoka juu ya lori."

"Umekumbuka lini?"

"Ijumaa ile ya kwanza. Lakini huyu bwana alikuwa ananilisha vizuri, nikaona si adabu kumkatiza."

Koplo akafunga daftari. "Basi kesi ya kuua imekwisha. Imebaki ile ya kumtisha mzee Zeddy. Hiram, twende."

"Pole pole, koplo," Kiprugut alisema, akinyoosha bakuli. "Mwache kwanza anipakulie."