Magoti ya Komujuni Mbele ya Kamera

Tegeni masikio, enyi wa Kanoni mnaopalilia migomba, nanyi wachuuzi wa Omurushaka mnaopimiana maharage huku mkisutana; zimeni redio, fungeni mbuzi, na mwenye kikohozi akohoe sasa. Nasimulia vita vya Komujuni binti Byarugaba, mfunga mikanda ya mashine, mshika spana asiyetetemeka, aliyekabili majeshi mawili mchana mmoja, na silaha yake ilikuwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Komujuni huyu ni fundi wa mashine ya kukoboa kahawa, na kwa miaka mingi ya jasho alisomea kwa njia ya mtandao shahada ya menejimenti ya teknolojia ya uhandisi. Msicheke urefu wa jina. Wapo watawala waliokuwa na majina mafupi na hawakufanya lolote. Ilibaki ngome moja tu: kuutetea mradi wake kwa video mbele ya wahadhiri watatu. Na sheria ya ngome ile ilikuwa kali kuliko siafu: uso wa mtahiniwa usitoke kwenye kamera. Ukitoka, mtihani umefutwa, na shahada ingoje mwakani.

Basi shujaa akaisimamisha simu mezani karibu na mlango, ambapo mtandao hukubali, akaiegemeza kwenye chupa ya chai. Akajibu la mikanda, akajibu la vipuri, akajibu la ratiba ya matengenezo, na maswali yakaanguka mbele yake kama migomba kwenye tufani. Ndipo Profesa Mansoor, bingwa wa kukata alama, akachomoa mkuki aliokuwa ameuficha.

"Ewe mtahiniwa! Kazi mbili zimekujia kwa pamoja, zote zinamtaka mtu yule yule, wala hakuna inayoweza kungoja. Meneja atafanya nini?"

Kabla Komujuni hajafumbua kinywa, mlango ukaingia giza. Shangazi Verdiana wa Isingiro alikuwa amefika!

Mnajua shangazi ni nani kwetu. Na huyu si shangazi wa hivi hivi. Ndiye aliyetangaza mbele ya ukoo mzima kwamba masomo ya simu yatammaliza mtoto adabu. Shangazi husalimiwa kwa magoti. Lakini Komujuni akipiga magoti, kamera ingebaki ikitazama ukuta na kalenda ya mwaka juzi. Akibaki kitini, amemtukana dada wa baba yake. Akishuka, ameizika shahada. Nami namwonea huruma hata leo.

"Naona umekaa," shangazi akanguruma, fimbo yake ikigonga sakafu. "Kaa tu, waitu, mpendwa wetu! Kaa uongee na kioo. Mimi niliyetoka Isingiro na miguu hii mibovu nitajisalimia mwenyewe, kisha nitajiitikia."

Hapo akili ya kihandisi ikawaka. Shangazi anataka nini? Magoti. Chuo kinataka nini? Uso. Nani kasema magoti na uso ni kitu kimoja? Akainyakua simu, akaishika mbele ya uso wake, akaanza kushuka. Alishuka taratibu, kwa utukufu, kitambaa cha meza kikimfuata na chupa ya chai ikiyumba. Goti la kwanza likatua, la pili likatua, na uso wake haukutoka kwenye kamera hata nukta moja.

"Shikamoo shangazi!" akanena. "Nanyi walimu wangu, jibu ndilo hili: meneja asikimbilie kuchagua. Aulize kwanza kila kazi inataka nini hasa kwa mtu huyo. Huenda moja inataka magoti na nyingine inataka uso!"

Mtandao ukakwama. Nyuso tatu zikaganda kiooni, wala haikujulikana kama wamekubali au wamekasirika.

"Marahaba," shangazi akasema, sauti imelegea kidogo. Akainama kuchungulia simu. "Na hawa wanaume humu ndani, mbona hawasalimii? Kwao hakuna wakubwa?"

Nyuso zikatikisika. Profesa Mansoor, aliyewaangusha majasiri wengi, akavua miwani. "Shikamoo mama." Wenzake wakafuata upesi. Shangazi akawaitikia, akawauliza habari za nyumbani na za ng'ombe. Waliposema hawana ng'ombe, akawapa pole ya dhati.

"Mtahiniwa," profesa akatamka, "jibu lako tumelisikia na tumeliona. Umefaulu."

Komujuni akalia pale pale, magotini, bila kuona haya. Shangazi akafungua kifurushi cha jani la mgomba, akatoa kahawa ya kutafuna, ile ya kumpa mgeni wa heshima, akamtilia kiganjani.

"Inuka, mhandisi," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. Kisha akaweka punje nyingine mezani, mbele ya simu. "Na hizi ni za wageni. Wasije wakasema kwa Byarugaba waliondoka mikono mitupu."

Basi na ijulikane hadi Kyerwa: historia ya nyumba ile imegawanyika, kabla ya goti na baada ya goti. Na punje zile hakuna aliyethubutu kuzigusa, hata simu ilipozima.